Daraja Lishukie Wapi?

Hotuba hii niliitoa jioni moja Mikindani, Mombasa, mbele ya wakazi wa pande zote mbili za hori la Tudor, ule mkono wa bahari, kuhusu daraja linalotakiwa kulivuka. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema. Nilichoondoa ni vikohozi, na mzaha mmoja uliomhusu mtu aliyekuwa ukumbini.

Assalaam aleikum. Na kwa wasioitikia hiyo, hamjambo nyote.

Wazee wangu mlioketi mbele, mama zetu, na nyinyi vijana wa bodaboda mliosimama mlangoni ili muone pikipiki zenu, naomba radhi. Niliambiwa saa kumi, nimeingia saa kumi na moja kasorobo. Nilipofika mbio mbio nikidhani mmeanza bila mimi, nikaambiwa mwenyekiti wa kikao naye bado yuko Makupa. Basi kuchelewa kwangu nimekuingiza ndani ya hotuba, kusipotee bure.

Nilitoka nyumbani Kisauni saa tisa kamili. Kufika Kongowea, nikasimama. Kushoto kwangu palikuwa na tuktuk, na ndani ya tuktuk mama mmoja amepakata keki ya harusi. Keki ya ngazi tatu, imefunikwa nailoni, na juu kabisa imewekwa waridi la sukari. Mkono mmoja ameishika keki, mkono wa pili anaipepea kwa kifuniko cha ndoo. Joto la saa tisa mnalijua. Tukaenda sambamba, twasogea kidogo, twasimama, twasogea, twasimama, mpaka juu ya daraja la Nyali. Katikati ya daraja nikaona waridi limeinamisha shingo. Tulipofika Buxton lilikuwa limelala ubavu. Nikatoa kichwa dirishani nikamwuliza, "Mama, keki yaenda wapi?" Akasema, "Magongo, mjomba. Na bibi harusi ashavishwa."

Magongo! Mama huyu atoka Kisauni aenda Magongo. Kisiwani hana analonunua wala analouza, hana mgonjwa wa kumwangalia wala kesi ya kusikiliza. Lakini hana budi kuvuka maji aingie kisiwani, akikate kisiwa kizima, kisha avuke maji tena atoke. Kunguru wetu, yule mwizi, akitaka kwenda Magongo hukata juu ya hori la Tudor moja kwa moja, na samaki wa mtu yumo mdomoni. Mwenye keki hana njia hiyo. Ndiyo niliyoitiwa kuizungumza leo: barabara ya kuunganisha upande huu wa Jomvu na Changamwe na upande ule wa Kisauni, na daraja la kuvuka hori hili ambalo wengine wetu huliita mto, ingawa maji yake ni ya chumvi mpaka juu sana huko yanakoingia maji ya Kombeni na Tsalu.

Wazo hili si langu. Limezungumzwa miaka mingi kwa majina mbalimbali, na kila uchaguzi ukikaribia hupata jina jipya. Mimi ni mpimaji wa barabara niliyestaafu, nimebeba chombo cha miguu mitatu begani miaka thelathini na kitu. Sikuja kuwaambia lini litajengwa. Nimekuja kwa sababu nahofia likijengwa litajengwa vibaya, na anayejua daraja baya hujuaje? Hujua kwa foleni.

Nianze na hesabu kidogo, halafu nitaziacha. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti yetu. Mvita, ndicho kisiwa chenyewe, ilikuwa na watu 154,171. Yaani katika kila watu wanane wa Mombasa, ni mmoja tu hivi alalaye kisiwani. Likoni 250,358. Kisauni na Nyali, tukiziweka pamoja, 508,507. Changamwe na Jomvu, 295,297. Haya, tazameni: nusu milioni wako kaskazini, karibu laki tatu wako magharibi, na baina yao pana maji membamba tu. Hawa wakitaka kutembeleana, wote hupitia sebuleni kwa yule mmoja wa nane. Halafu twamlaumu kwamba sebule yake imejaa viatu.

Kwa hivyo nikisikia mtu asema Mombasa ina msongamano kwa kuwa magari yamekuwa mengi, huwa nataka kumvuta kando. Magari yamekuwa mengi, ndiyo. Lakini hebu zifuateni safari zenyewe.

Chukueni nyanya. Nyanya ya Kongowea hutoka Loitokitok, hutoka Taveta na kwengineko bara, huja kwa lori usiku kwa barabara ya Nairobi. Hupita Mazeras, hupita Miritini, hupita hapa hapa juu yetu mkiwa mmelala, hushuka Changamwe, huvuka Makupa, huzunguka kisiwani, huvuka Nyali, ndipo hufika Kongowea sokoni. Kabla ya alfajiri mama muuza mboga wa Mikindani huamka, hupanda matatu, hufuata nyanya ile ile kwa njia ile ile. Hununua kreti moja, hulipa hamali, hulipa tuktuk au humbembeleza makanga ampakilie nyuma, hurudi nayo Nyali, kisiwani, Makupa, Changamwe, mpaka kibandani kwake. Nyanya imepita mlangoni pake usiku ikaenda zake, sasa imerudi na jua, nusu yake imepondeka. Akiongeza shilingi mbili mwamwita mwizi.

Saruji ya Bamburi nayo, ikitakiwa huku Miritini, huja kwa njia hiyo hiyo kinyume. Mgeni akishuka uwanja wa ndege wa Moi, ambao uko magharibi, na hoteli yake iko Shanzu, kaskazini, mandhari ya kwanza ya Pwani anayoonyeshwa ni mgongo wa trela. Mpishi wa hoteli hiyo anaishi Chaani. Huyo hatuulizi huamka saa ngapi.

Hizi zote ni safari zinazopita kisiwani bila kuwa na shughuli kisiwani. Ukizitoa, waliobaki watapumua, hata wenye maduka ya Mji wa Kale ambao sasa wateja wao huwapigia simu kusema wameishia njiani wakarudi.

Kusini wenzetu wametutangulia. Feri ya Likoni yafanya kazi tangu 1937, na sote twajua wanavyosubiri pale mteremkoni, jua la utosi, magari upande mmoja na watu upande wa pili. Na feri ya Mtongwe iliyozama Aprili 1994, hakuna mtu wa rika langu asiyekuwa na jina moja au mawili katika wale 272 waliokufa. Ilichukua miaka mingi sana baada ya msiba ule, lakini leo barabara ya Dongo Kundu ipo, na madaraja yake ya Mwache na Mteza, na trela litokalo Miritini laweza kwenda Kibundani na kushika njia ya Lunga Lunga bila kuiona feri. Nimeipita. Ni barabara nzuri, na daraja la Mteza likivuka yale maji mapana, mtu hutamani dereva apunguze mwendo.

Ila mfanyakazi wa Likoni aendaye mjini kwa miguu bado yuko kwenye feri. Si kosa la barabara ile. Haikuchorwa kwa ajili yake, ilichorwa kwa ajili ya mzigo wa bandarini na gari la safari ndefu. Nalisema hili mapema kwa sababu kila barabara huwa na watu wake tangu siku inapochorwa, na asiyekuwemo kwenye mchoro hatakuja kuingizwa kwa huruma baadaye. Mwajua wenyewe barabara ngapi mnazozivuka mkikimbia.

Sasa nije kwenye lililoniamsha leo. Daraja lishukie wapi?

Nilipokuwa mtoto, Nyali ilivukwa kwa daraja lililoelea juu ya maji, la tangu 1931. Vijana hawataniamini. Lilikaa juu ya vyelezo, na maji yakipwa daraja nalo lashuka, basi gari likitoka ukingoni huteremka kama liingialo kisimani, na maji yakijaa hupanda. Palikuwa na mtoza ushuru, na sisi watoto tulikuwa tukijaribu kupita kwa kujificha nyuma ya mikokoteni. Mpaka leo mahali pale huitwa daraja la zamani, ingawa daraja lenyewe halipo. Ilipofika 1980 tukapata hili la saruji, pana, la njia sita. Nakumbuka watu walikwenda kulitembea tu, jioni, na watoto wao wamevaa nguo za Iddi. Tukasema tumepona.

Nendeni kesho asubuhi msimame juu yake mtazame. Magari hayasubiri daraja. Yasubiri kilicho mbele ya daraja. Upande mmoja Buxton na Saba Saba, upande wa pili Kongowea na Kengeleni. Pale Kengeleni kengele ile ilitundikwa na watu wa Frere Town, watumwa walioachiwa huru, wapate kuonyana adui akija. Leo makanga ndiye kengele. Daraja la Nyali ni mrija mpana tuliouchomeka kwenye chupa mbili za shingo nyembamba. Kuvuka maji ni dakika moja. Dakika nyingine zote ziko kwenye shingo. Nairobi nao wamejifunza hivyo hivyo, walipomaliza barabara kubwa ya Thika 2012: watu waliteleza mpaka Pangani kwa raha, kisha wakasimama wote pamoja.

Na mimi mwenyewe nina dhambi yangu. Nilipokuwa kijana kazini, mbali na Pwani, nilipima njia za kuingilia daraja moja, sitalitaja. Nilichora makutano yenye nafasi, matatu zina mahali pa kutua, malori yana njia yao. Mchoro ukapelekwa ofisini, fedha hazikutosha, na mtu mmoja mwenye kalamu akasema daraja lenyewe lisiguswe, kwani ndilo litakalopigwa picha, lakini makutano yapunguzwe. Nilinyamaza. Nilikuwa na mke mwenye mimba na kazi ya mkataba. Daraja likafunguliwa kwa ngoma na chakula. Wiki ya pili nikapita, foleni iko pale pale ilipokuwa zamani, isipokuwa sasa ilikuwa na daraja zuri chini yake.

Kwa hivyo hili letu, upande huu, lisije likashuka kwenye mzunguko wa Changamwe. Pale pamejaa. Lipande juu, likutane na barabara ya Nairobi huko Miritini ambako ya Dongo Kundu nayo huanzia. Hapo anayetoka Kwale aendaye Malindi atapita nyuma ya mji wote, na wala hatajua kama Mombasa ina kisiwa. Na upande wa pili, hapa nawaomba wenzangu wa Kisauni mnisikilize vizuri kwa sababu mtashawishiwa, lisiishie Mishomoroni. Mtaambiwa lifike Mishomoroni kwanza, awamu ya pili itakuja. Barabara ile ya Kisauni mwaijua: matatu likishusha abiria mmoja, nyuma husimama arubaini. Mkiimiminia malori ya Miritini mtakuwa mmeuhamisha msongamano kutoka kwa watu wa kisiwani mkauleta milangoni kwenu. Lazima iendelee mpaka iikute barabara ya Malindi, huko juu kwa Bamburi au Mtwapa, ambako barabara inapanuliwa kuelekea Kilifi. Ikichorwa ya kuishia Mishomoroni, mimi nitakuwa wa kwanza kusimama kuipinga, na nitakuja na wajukuu.

Kuna jambo moja linalotupendelea. Daraja lolote la Likoni, ambalo nalo limezungumzwa tangu nikiwa na nywele, lina taabu ya meli. Meli za Kilindini lazima zipite chini yake, kwa hivyo lazima liwe juu mno, na likiwa juu mno lahitaji mteremko mrefu mno, nyumba nyingi, fedha nyingi. Lile la miguu la Liwatoni, lililofunguliwa mwanzoni mwa 2021 watu wasisongamane kwenye feri wakati wa korona, lilielea, na ilibidi lifunguliwe katikati meli ipite huku watu wakingoja. Huku kwetu Tudor juu hakuna meli. Kuna mitumbwi, kuna mashua, kuna ngalawa ya mzee yule aliyekaa karibu na dirisha. Daraja la chini latosha, bora tu mvuvi asiinamishe kichwa maji yakijaa.

Lakini urahisi huu una mtego. Mtu atakuja aseme: kwa kuwa maji si ya kina, na kwa kuwa pembeni ni matope na mikoko, tujaze udongo kutoka huku, tujaze kutoka kule, tuache pengo katikati tuweke daraja fupi. Bei nafuu, kazi ya haraka. Mkisikia maneno hayo kumbukeni Makupa. Mkoloni alijaza udongo pale akapitisha njia, akafunga maji yaliyokuwa yakipita baina ya Port Reitz na Tudor. Kisiwa chetu kikawa si kisiwa tena, kikawa na mkia. Maji yakakosa pa kupumulia, tope likakaa, samaki wakahama, na kwa kuwa mahali palishakuwa pachafu, pakazidi kuchafuliwa. Tumekaa hivyo miaka na miaka, hadi 2022 lilipofunguliwa daraja la Makupa, na maji yakapewa njia yao chini. Wazee waliokuwa wakipasikia tu kwa baba zao walikwenda kutazama maji yakipita. Kosa la Makupa limeondolewa kwa fedha nyingi kuliko zilizolileta. Hatuwezi kulifanya tena kilomita chache juu, kwenye hori lile lile.

Daraja lisimame kwa nguzo, kutoka nchi kavu hadi nchi kavu. Niwaeleze kazi hiyo maana ni nzuri kuitazama. Bomba nene la chuma husimamishwa juu ya tope, likasukumwa chini mpaka lifike pagumu. Tope lililo ndani hutolewa, kikashushwa kizimba cha nondo, halafu zege humiminwa kwa bomba refu kuanzia chini kabisa, ili lipande likiyasukuma maji nje. Ukimimina kutoka juu, maji huosha saruji na utabaki na nguzo ya kokoto. Na maji yetu wakati wa bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, kwa hivyo ratiba ya kazi hupangwa kwa kuutazama mwezi wa angani. Nimewahi kumwona mhandisi mgeni akitazama saa yake, na fundi wa Jomvu pembeni yake akitazama juu, na aliyekuwa sahihi ni huyo wa pili. Chumvi nayo hula nondo kimya kimya, hasa pale ukanda unaoloa na kukauka, kwa hivyo zege la kuzifunika nondo liwe nene na zito. Mkiona nguzo mpya imetoa jasho la kutu baada ya miaka michache, jueni hapo paliibiwa saruji.

Na mikoko. Hapa niseme kama mtoto wa mvuvi. Mkoko, mchu, mkandaa, muia, kila mmoja una mahali pake na kazi yake, na kamba mnaowala wamezaliwa kwenye mizizi hiyo. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilileta tope la mashambani likaifunika mizizi kule Mwache, miti ikafa imesimama. Mkoko hupumulia mizizi. Ukiizika umeuzika wote. Kwa hivyo hata udongo wa ujenzi, unaorundikwa kandokando wakati wa masika, waweza kuua zaidi ya msumeno. Barabara ya muda ya mafundi ijengwe kwa majukwaa, isijengwe kwa kifusi. Tutajibiwa kwamba ni ghali. Ni ghali.

Niko karibu kufika kwenye jambo ambalo najua ndilo lililowatoa wengi wenu majumbani. Nyumba.

Mombasa yetu ina kitu ambacho ukimweleza mtu wa mkoa mwengine hufikiri wamtania: nyumba bila ardhi. Nyumba yangu, nimeijenga, vyumba sita, ukumbi katikati, nimerithi kwa babangu. Kiwanja si changu. Kila mwezi nalipa kodi ya ardhi kwa mwenye hati, au kwa wakala wake, au kwa mtoto wa wakala wake. Barabara ikipita hapo, fidia ni ya nani? Wakija watu wa ofisi wakauliza hati, atakayeinua mkono ni mtu ambaye labda hajakanyaga Mikindani tangu azaliwe.

Katiba ya 2010 haikutusahau kabisa. Kifungu cha 40 kinasema serikali ikichukua ardhi lazima ilipe fidia ya haki, na kwa haraka. Kifungu hicho hicho, kifungu kidogo cha tano, kinasema inaweza kuwekwa njia ya kuwalipa wakaao kwa nia njema wasio na hati. "Inaweza". Neno hilo mlikazie macho. Si "lazima". Kwa hivyo ushahidi wenu ndio utakaolitia nguvu. Tume ya Ardhi itatangaza kwenye Gazeti Rasmi la Serikali viwanja itakavyovichukua, kisha kutakuwa na kikao cha kusikiliza madai. Gazeti hilo halisomwi kinyozi. Teueni kijana mmoja kila mtaa, kazi yake iwe hiyo tu. Pigeni picha nyumba zenu leo, ndani na nje, na choo, na kisima, na mwembe. Risiti za kodi ya ardhi zitafuteni. Nimemwona mzee mmoja, yuko humu na hatataka nimtaje, azitunza zake katika mkebe wa biskuti tangu 1983, zimefungwa kwa uzi kila mwaka na uzi wake. Mkebe ule una thamani kuliko hotuba yangu. Mwenye duka la kupanga naye ana haki ya kusikilizwa, na mwenye kibanda cha viazi karai.

Jomvu Kuu ni mji wa kale, Wajomvu wako katika Tisa Taifa, yale makabila tisa ya Waswahili wa Mombasa, na katika mji wa kale wafu ni wengi kuliko walio hai. Makaburi na ardhi ya wakfu yawekwe kwenye ramani kabla ya mpimaji kupiga kigingi cha kwanza. Najua ninachosema. Kigingi kikishapigwa, kukihamisha ni vita.

Ushuru nitaupitia haraka. Pengine watasema daraja lijilipe. Dar es Salaam walifungua la Kigamboni 2016, kila avukaye akalipa, manung'uniko hayakuisha, na 2022 viwango vikapunguzwa. Rai yangu ni hii: trela lilipe, tuktuk lipite. Anayevuka kwa miguu asiulizwe kitu. Na awe na njia yake, pana, yenye taa na kizuizi, si ule ukingo wa futi mbili ambapo mama mwenye mzigo kichwani hupeperushwa na upepo wa lori. Steji ziwe pande zote mbili. Na kwa kuwa tutakuwa tumeshasimamisha nguzo, chini ya daraja lipite bomba la maji. Maji ya chemchemi za Mzima yaingia kwa magharibi, ya Baricho kwa kaskazini, na sisi tulio katikati twanunua kwa mitungi. Bomba kulifunga chini ya daraja linalojengwa si gharama kubwa. Kulirudia baadaye ndiyo gharama.

Limebaki moja, na hili sina jibu lake.

Wiki iliyopita nilikwenda ukingoni hapa chini kuangalia maji. Nikapanda mtumbwi wa mzee huyu aliye dirishani, pamoja na wanawake wawili wenye ndoo za dagaa na kijana mwenye baiskeli. Alitupeleka ng'ambo kwa pondo, hakuharakisha, na kila mahali palipokuwa na mkondo aligeuza kidogo kabla hatujaufikia, kama mtu ajuaye ngazi za nyumba yake gizani. Katikati ya maji akaniuliza, "Ami, daraja likija, mimi nitamvusha nani?"

Nilimtajia Kilifi. Daraja la kule lilifunguliwa 1991, feri ikaondoka, na biashara zote zilizokuwa zikiishi kwa kusubiri feri, upande wa Mnarani na upande wa mjini, zikalazimika kutafuta pengine. Wengine walipata. Akasema, "Na wengine?" Nikanyamaza, akaendelea kupiga pondo.

Nimemwomba aje leo na amekuja. Nataka wavushaji wahesabiwe kama wenye nyumba wanavyohesabiwa, kwa sababu daraja litawabomolea kitu, ingawa hakina matofali.

Ramani iko pale mezani, nimeichora kwa mkono, msinicheke. Nimeleta kalamu tatu. Nyekundu tieni alama nyumba, kijani visima na mikoko, nyeusi makaburi. Sitaondoka mpaka Maghrib, na taa ikizimika nina tochi. Mzee wangu wa mtumbwi, wewe tangulia, tuonyeshe mkondo mzito ulipo na tope lisilo na mwisho lilipo, maana hayo chombo changu cha miguu mitatu hakiyaoni. Vijana, mpisheni apite.